Kitovu cha Raya

Mwatsaka nzima ilijua kwamba Bi Chiku hasemi uongo, na Bi Chiku mwenyewe alijua kwamba Mwatsaka inajua. Taabu yote ilianzia hapo. Mtu akisifiwa miaka thelathini kwa jambo moja tu, atalishikilia jambo hilo hata siku ambayo kuliachia ndiyo heri.

Alikuwa mkunga. Kijiji kile, kusini ya Kinondo ukielekea Msambweni, hakikuwa na zahanati, na karibu kila mtu wa chini ya miaka thelathini alikuwa amepitia mikononi mwake. Vifaa vyake vilikuwa wembe, kibuyu cha mafuta ya nazi na kibunda cha uzi mweusi. Alikata kitovu, akakifunga kwa uzi ule, na kilipoanguka baada ya siku chache alikizika nje ya nyumba ya mzazi, kisha akapanda juu yake nazi iliyochipua. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alipokuwa akipita njiani alinyoosha kidole na kutaja: huu mnazi wa Iddi, ile miwili ya pacha wa Shutu, ule uliopinda wa Kadzo, aliyetanguliza miguu. Hakukosea hata mara moja.

Sifa yake ya ukweli aliipata zamani, katika shauri la mwanamke mmoja aliyejifungua miezi saba baada ya harusi. Mume aliuliza mbele ya watu kama mtoto ni njiti. Mkunga mwingine angekohoa, akaangalia pembeni, akasema Mungu ndiye ajuaye. Bi Chiku alisema, "Mtoto ametimia. Nimezitazama kucha zake." Ndoa ile ilivunjika kabla ya adhuhuri, yule mwanamke akarudi kwao na kitoto chake mgongoni, na watu wakaenda nyumbani wakimsifu mkunga. Hakuna aliyeuliza yule mwanamke aliishia wapi, na Bi Chiku naye hakuuliza.

Yeye mwenyewe alizaa mara tatu, na wote watatu walitoka kimya. Mumewe, Boga, alivumilia kwa muda, kisha akaoa Msambweni na kuhamia huko. Kwa hiyo nyumba ya mkunga, aliyepanda minazi mlangoni kwa kila mtu, ilikuwa haina mnazi hata mmoja. Wapita njia waliliona hilo, na wenye ulimi mwepesi walilitaja.

Mwaka wa sitini na nne ulipoingia, bendera ya Uhuru ikiwa haijatimiza hata miezi miwili mlingotini pale skuli, watu walianza kufika kutoka Pemba. Huko visiwani serikali ilikuwa imepinduliwa, na wenye jina baya kwa wakubwa wapya walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba. Walifika na nguo za mwilini tu. Mwatsaka iliwapokea vizuri, na naomba hilo likumbukwe, kwa kuwa Mwatsaka yenyewe ilikuja kulisahau. Kila mwenye nyumba alichukua mgeni wake. Bi Chiku aliwapitia wote kwa macho pale mchangani, akamwona msichana mmoja wa miaka kumi na tisa aliyekuwa ameshika tumbo la miezi saba kwa mikono miwili, akasema, "Huyu ni wangu."

Msichana huyo aliitwa Waridi. Mumewe alikuwa karani wa mudiri, ofisa wa serikali kule Wete, mtu wa kalamu na wino tu. Walikuja watu wanne wakamtoa mezani, mkono wake ukiwa bado na wali, na siku ya tatu mmoja wao akaja kumrudishia Waridi kofia.

"Nliwaona nyuso zao, mama," Waridi alimwambia Bi Chiku siku ya kwanza, akiwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa viti havikuwapo. "Wote wanne nnawajua. Wawili ni jirani zetu. Nao wajua kwamba nliwaona. Ndiyo maana walirudi kunitaka."

"Hapa umefika, mwanangu," Bi Chiku alijibu. "Hapa hapana wa kukutaka."

Siku aliposema hivyo alisema kweli.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nne, saa sita za mchana, mvua ya masika ikigonga makuti. Alikuwa wa kike, akalia mara moja kwa nguvu. Bi Chiku alikata, akafunga uzi, akampangusa mafuta, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtoto wa mtu: badala ya kumpa mzazi, alibaki naye. Alimshika kifuani mwake mpaka Waridi akainua kichwa mkekani na kuuliza, "Mama, kuna nini? Ni mzima?" Alikuwa mzima. Bi Chiku alimtoa kwa shida, na alikasirika moyoni kama mtu aliyenyang'anywa.

Waridi alimwita mtoto Raya, jina la mamake mzazi. Kitovu kilipoanguka alikikunja katika kitambaa, akawa hajui akipeleke wapi.

"Kitazikwa wapi, mama? Mimi sina nyumba."

"Mtoto ana nyumba," alisema Bi Chiku. Alichimba mwenyewe pembeni ya jiko lake, akapanda nazi changa, akaizungushia miiba mbuzi wasiitafune. Wanawake waliokuja kumpongeza mzazi walimpongeza pia mkunga, kwamba hatimaye naye ana mnazi. Alicheka pamoja nao. Usiku na mchana tangu siku ile alimtaka mtoto yule. Sitafuta neno la kupamba. Alimtaka, na mama mtu alikuwa amekaa njiani.

Miezi ikapita, na ukarimu ukaanza kuchoka. Watu walisema Wapemba wanavua penye samaki wetu, Wapemba wanaomba mashamba, Wapemba wamezoea. Mwezi wa nane ikatoka amri kwamba kila aliyeingia tangu mwaka uanze aandikwe, na asiye mzaliwa wa hapa arudishwe kwao, kwani huko sasa kumetulia. Aliyeileta alikuwa kijana wa bara, ofisa mgeni mwenye suruali iliyopigwa pasi, na lori lake. Baraza liliwekwa barazani pa skuli siku ya Alhamisi. Chifu wa pale, mzee Tembo, ndiye aliyeuliza, na karani aliandika katika karatasi iliyopigwa mstari katikati, upande mmoja wenyeji, upande wa pili wageni.

Watu wale hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, wawe wa Mwatsaka au wa Wete. Basi Chifu Tembo alitumia njia aliyoijua. Aliuliza, "Kitovu chako kimezikwa wapi?" na mtu alitakiwa kutaja mahali na shahidi.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi shauri lile lilivyokwenda, maana Chifu Tembo hakuwa mtu mbaya. Alisimama mvuvi mmoja wa Kipemba, na mwenye nyumba aliyempokea akasema, "Huyu ni binamu yangu, kitovu chake kipo kwetu nyuma ya kisima." Chifu hakuinua hata uso. "Mwenyeji," alisema, na karani akaandika. Akaja wa pili, akatolewa shangazi. Wa tatu akatolewa nyanya aliyekwisha kufa. Uongo ulikuwa wazi kiasi cha watoto kucheka dirishani, na chifu aliupokea wote kwa adabu. Kijana wa bara alikuwa hamjui mtu, akaitikia kwa kichwa tu. Saba walipita hivyo.

Mwalimu Othman, aliyefundisha skuli ile, alikuwa amekwenda kwa Bi Chiku siku moja kabla ya baraza. Alimkuta akimenya muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kwa ajili ya Waridi. Mama, watu hawa si wageni wa kuja kutembea. Ni wakimbizi. Mataifa mengi yamekaa na kukubaliana kwamba mtu aliyekimbia kuuawa harudishwi mikononi mwa wanaotaka kumwua. Ni haki yake, si sadaka yetu. Swali la kumwuliza si kitovu chake kiko wapi. Swali ni anakimbia nini. Lakini kesho ataulizwa la kitovu, na watu watakutazama wewe."

"Nitasema ninachokijua."

"Sema ni mwanao. Umemlisha, umemzalisha, analala kwako. Nani atakuita mwongo?"

"Mimi," alisema Bi Chiku, akaendelea kumenya.

Mwalimu aliondoka akiamini kwamba amepambana na ucha Mungu. Waridi, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni na mtoto titini, hakuamini hivyo. Alikuja akapiga magoti mbele ya sufuria ya muhogo.

"Mama, neno moja tu. Sikuombi jingine maisha yangu yote. N'takutumikia mpaka nife."

"Ulizaliwa Wete, mwanangu. Nifanyeje?"

"Wataniua."

"Mungu hamtupi mja wake," alisema Bi Chiku, maneno yaliyo mepesi sana kwa mtu asiyekwenda popote.

Alhamisi, basi, zamu ya Waridi ilifika ya nane. Alisimama na Raya begani, amejifunga leso ya Bi Chiku.

"Kitovu chako kimezikwa wapi, binti?" aliuliza Chifu Tembo.

Waridi alimpandisha mtoto begani. Alimtazama Bi Chiku, na baraza lote likageuka pamoja naye.

"Bi Chiku," alisema chifu kwa upole, "wewe ndiwe mkunga wetu. Unamjua huyu?"

"Namjua. Anakaa kwangu."

"Basi kitovu chake ulikikata wewe."

Hata swali hakuliuliza. Alikuwa amemwekea jibu mdomoni, lililobaki lilikuwa kuitikia kwa kichwa. Bi Chiku alisema, "La."

Chifu aliweka kofia yake vizuri. "Fikiri, mama. Umezalisha watu wengi. Mtu husahau."

"Sijamsahau hata mmoja," alisema Bi Chiku, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya kucha za mtoto. "Huyu ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Kitovu chake kiko huko. Mtoto wake ndiye wa hapa. Huyo nimemkata kitovu mimi, mwezi wa nne, na nimekizika nyumbani kwangu. Mwenye shaka akautazame mnazi."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari ya mtoto. Chifu Tembo ndiye aliyetambua kwanza, akafumba macho. Karani, mtu wa kuandika anachosikia, alimwandika mama upande wa wageni na mtoto upande wa wenyeji, na katikati yao ule mstari.

"Nnakwenda na mwanangu," alisema Waridi. Kwa mara ya kwanza alipaza sauti. "Kama ni kwenda, nnakwenda na mwanangu."

Kijana wa bara aliinama juu ya karatasi, akafuata majina kwa kidole. Alikuwa mgeni wa kazi na alikuwa na hofu ya kukosea. "Mtoto amezaliwa Kenya baada ya Uhuru. Huyu ni raia," alisema. "Siwezi kumtoa raia nje ya nchi bila karatasi. Lori hili ni la wageni."

"Ananyonya!" Mwalimu Othman alisimama. "Bwana, mtoto hatengwi na mamake! Na mama mwenyewe hapaswi kurudishwa, huyu ni mkimbizi, waliomwua mumewe wanamngoja. Dunia nzima imekwisha kukataza jambo hili!"

"Katika karatasi gani?"

"Yamo katika maazimio ya mataifa."

"Hapa nina karatasi moja tu, mwalimu," alisema yule kijana, akaigonga. "Wewe kaa chini."

Mwalimu hakukaa. Alimgeukia Bi Chiku mbele ya watu, akasema, "Mama, bado hujachelewa." Ilikuwa kweli kwamba hajachelewa. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa karani, chifu alikuwa akimtazama kama mwombaji, na Bi Chiku angeweza kusema nimekosea, umri umekwenda. Alinyoosha mikono na kumchukua mtoto kutoka begani kwa mamake. Alimchukua kwa ufundi, mkono mmoja shingoni na mwingine chini, kwa kazi aliyoizoea miaka thelathini, na Waridi, aliyezoea kumpa kila siku, alimwachia kabla hajajua anafanya nini.

Alipojua, alipiga yowe ambalo sitajaribu kuliandika. Ilibidi wanaume wawili wampandishe. Lori lilipoondoka alikuwa amesimama nyuma ameshika vyuma, na kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa, kwa kuwa saa ya kunyonyesha ilikuwa imefika. Watu walitazama chini. Mmoja wao alisema, "Bi Chiku hasemi uongo hata kwa ajili ya mgeni wake," na wengine wakashika hapo hapo, wakamsifu njia nzima. Walikuwa na haja ya kusifu kitu.

Mtoto alilia siku nne akikataa maziwa ya mbuzi, siku ya tano akakubali. Bi Chiku alimwita Mbeyu, maana yake kwa Kidigo ni mbegu, na jina la Raya halikutajwa tena nyumbani mle, wala na majirani, kwa haya.

Alimlea vizuri. Ningependa kusema alimtesa, hadithi ingekuwa nyepesi, lakini alimlea kwa mapenzi ya mtu aliyesubiri miaka mingi. Alimbeba mpaka miguu ya mtoto ikagusa mapaja yake. Alimpikia uji wa mchele, akamsuka nywele kila Ijumaa, akakesha naye alipougua. Ukali wake ulikuwa kwenye jambo moja tu. Mtoto alipokuwa na miaka minne alilamba sukari akasema ni paka, na Bi Chiku akampaka pilipili ulimini, akakaa naye akilia pamoja naye. "Kwetu hatusemi uongo, Mbeyu. Hata ukikatwa." Mtoto alishika somo. Alikua msichana mkavu, asemaye neno kama lilivyo, hata majirani walikuwa wakimwogopa kidogo.

Mwaka uliofuata ule wa lori, karibu na Idi, alikuja mtu aitwaye Mselem. Alikuwa mvuvi wa Kipemba aliyepiga dago, kambi ya wavuvi, kila mwaka upande wa Chale, akakaa miezi mitatu na kurudi kwao. Alileta kifurushi.

"Waridi anakusalimu," alisema.

"Yu hai?"

"Yu hai. Alipigwa viboko hadharani, akafungwa miezi sita. Wale wanne mmoja amekuwa mkubwa, ndiye anayemtuma kila wiki akaripoti. Mguu mmoja hauko sawa. Anashona nguo za watu. Kutoka kisiwani haruhusiwi." Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kijigauni cheupe, na shingoni kwa ndani, kwa uzi mwekundu, limeshonwa neno: Raya. "Amekisia tu. Kwa mwaka ujao anaomba kipimo." Na akatoa uzi mweusi mrefu, umezungushwa kijitini. "Umpime bega mpaka chini ya goti, utie fundo, nami nitamrudishia."

Bi Chiku alimpima mtoto mchana huo huo akiwa amelala, akatia fundo mahali pake hasa, bila kupunja wala kuzidisha. Uzi ukaenda Pemba. Gauni akalitia ndani ya kasha lake, chini kabisa, akajiambia kwamba atamvisha akikua kidogo, akiwa na akili ya kuelewa.

Mwaka wa pili lilikuja gauni la buluu. Lilikuwa sawasawa na mwili wa mtoto. Likaingia kashani. Likaja la tatu lenye lesi mikononi, la nne la maua, la tano, la sita. Kila mwaka Bi Chiku alipima kwa haki, na kila mwaka yule mwanamke wa mguu mbovu akashona gauni lililomkaa barabara mtoto ambaye hakulivaa. Bi Chiku alijiona mkweli katika hilo. Fundo lilikuwa kweli, kimo kilikuwa kweli, na Mselem aliambiwa "mtoto hajambo", nalo lilikuwa kweli. Hakuna aliyemwuliza kama nguo zinavaliwa.

Mwaka wa saba Mselem alikataa kukaa kitako.

"Waridi ameniapisha nimwone kwa macho yangu," alisema. "Anataka nimpe salamu kwa mdomo, aambiwe anaye mama. Na akikua, akitaka, niende naye kwa wiki moja nimrudishe. Yuko wapi?"

Mbeyu alikuwa skuli kwa Mwalimu Othman, anajifunza kusoma. Angerudi baada ya muda mfupi, akiimba irabu. Bi Chiku alitazama njia ya skuli. Alifikiria kumwita. Alifikiria pia msichana akiondoka na kifurushi mkononi, na nyumba kubaki na ule mnazi mmoja.

"Amekufa," alisema. "Surua. Mwezi wa pili uliopita."

Mselem alisema inna lillahi, akakaa chini bila kukaribishwa. Hakuwa na shaka yoyote. Alikuwa ametembea pwani ile miaka kumi na mitano na alijua, kama wote walivyojua, kwamba mwanamke huyu hasemi uongo. "Kaburi liko wapi, nimwambie?" aliuliza. Bi Chiku alionyesha kwa mkono upande wa makaburi, popote tu. Mselem aliomba dua akielekea huko, akaenda zake bila kumwuliza mtu mwingine. Gauni la mwaka ule na uzi wake alikuwa ameviacha mkekani, na Bi Chiku akavitia kashani pamoja na vingine kabla mtoto hajarudi.

Uongo mmoja maisha yake yote, na aliutumia hapo. Nimeufikiria sana uongo huo, na kila nikiufikiria nashikwa na hasira. Ule ule aliokuwa nao mdomoni Alhamisi ya baraza, alipoombwa kwa magoti, ungeokoa watu wawili. Aliuweka miaka saba, akaja kumwulia nao mama mtoto wake aliye hai.

Mwaka uliofuata hakuna aliyeleta gauni.

Mbeyu alipofika miaka kumi na mmoja, Bi Chiku alivimba miguu, maji yakapanda mpaka kifuani, na kila mtu alijua kinachofuata. Wanawake wa kijiji walikuja kukaa naye kwa zamu. Asubuhi moja alimwita Mbeyu. "Fungua kasha. Toa sanda yangu uianike, isije ikanuka."

Alikuwa amesahau, au alikuwa amechoka kukumbuka. Msichana alitoa sanda, akaianika. Kisha alirudi, na hakutoka tena. Wanawake walipochungulia walimkuta amepanga magauni saba juu ya mkeka, kuanzia dogo la kubebwa mpaka la kimo cha mtoto wa skuli, kila moja likiwa na mikunjo ya kashani, na hakuna hata moja lililowahi kufuliwa. Alikuwa akifuata kwa kidole herufi nyekundu shingoni.

"Raya ni nani?" aliuliza.

Bi Chiku angeweza kusema ni mtoto wa watu. Lakini msichana alikuwa amesimama mbele yake na macho yale makavu aliyomfunza mwenyewe, na kifo kilikuwa kimekaa kitandani pamoja naye. Alimwambia. Alimwambia lori, karatasi, uzi, Mselem. Alipumzika kila baada ya maneno machache kwa sababu ya pumzi. Wanawake walisikia, na wale waliokuwapo barazani Alhamisi ile waliziba midomo kwa leso.

"Na mwaka wa saba ulimwambia Mselem nini?" aliuliza msichana.

"Kwamba umekufa."

"Naye aliamini?"

"Mimi ndiye niliyesema," alijibu Bi Chiku. "Kwa nini asiamini?"

Siku mbili baadaye hali ilizidi, ikafika saa ya kutakana radhi kama ilivyo desturi. Aliwaita mmoja mmoja. Kadzo alisogea, akashika mkono wake. "Niwie radhi, mwanangu." "Nimekuwia radhi, mama, nawe niwie." Wakapita hivyo wote, wengine wakilia, wanawake aliowazalisha na aliowapokea duniani kwa mikono yake. Mwalimu Othman alikuwa amesimama nje ya mlango. Alisema radhi yake kutoka huko, kwa sauti ndogo. Wa mwisho alikuwa msichana.

"Niwie radhi, Mbeyu."

Msichana alikuwa amekaa karibu na miguu yake. Ndiye aliyekuwa akiikanda kwa mafuta tangu ugonjwa uanze, na hata asubuhi hiyo alikuwa ameikanda.

"Siwezi," alisema.

"We mtoto!" Kadzo alimshika bega. "Anakufa! Amekulea! Ni neno tu, liseme!"

"Nikilisema nitakuwa nimesema uongo," alisema msichana. "Sijamwia radhi. Kwetu hatusemi uongo, hata ukikatwa. Yeye ndiye aliyenifunza."

Kukawa na zogo. Mmoja alitaka atolewe nje, mwingine alitaka apigwe. Bi Chiku aliinua mkono ule uliovimba, wakanyamaza.

"Mwacheni," alisema. "Amesema kweli."

Alikaa mpaka alasiri akimtazama msichana, labda akingoja abadili neno lake, kisha akafa na msichana hajabadili. Wanawake waliingia kumwosha, na watoto wakatumwa kuleta maji.

Msichana hakuenda kuleta maji. Alitoka nje na ule uzi mweusi wa mwaka wa saba, ambao haukuwahi kupelekwa, akakaa chini ya mnazi wake pembeni ya jiko. Alishika ncha moja begani, akauteremsha mpaka chini ya goti, akatia fundo. Aliona kwamba lile gauni la mwisho lisingemwingia tena. Kisha aliukunja uzi, akauweka katika ncha ya leso, akamwuliza Mwalimu Othman ni njia gani inayokwenda kwenye dago la Wapemba, upande wa Chale.

"Wataka kwenda kumwambia nini Mselem, Mbeyu?" aliuliza mwalimu.

"Kwamba mimi ni Raya," alisema, "na kwamba sikufa."